Waraka mmoja, waandishi hamsini: nianzie wapi na darasa la tano?

Mwalimu wa Wete

Assalaamu alaykum walimu wenzangu. Nasomesha darasa la tano katika skuli moja ya Serikali huku Wete. Nina wanafunzi 52, kompyuta mpakato 5, na simu yangu ambayo ndiyo inayotoa intaneti kwa bando ninalolinunua mwenyewe. Wiki iliyopita nilijaribu kwa mara ya kwanza kuwaandikisha watoto waraka mmoja wa Google Docs, programu ya mtandaoni ambayo watu wengi huandika humo kwa wakati mmoja, kila kikundi kiandike aya yake kuhusu popo wa Pemba, mnyama ambaye hapatikani kwengine duniani ila kisiwani kwetu. Hazikupita dakika kumi, mtoto mmoja akafuta ukurasa mzima, wa pili akajaza jina lake kutoka juu hadi chini, na wale waliokuwa wameshafika mbali wakaanza kulia. Nikazifunga kompyuta, nikarudi kwenye chaki.

Naomba kuuliza: je, umri huu haufai kwa kazi kama hii, au mimi ndiye niliyekosea namna ya kuanza? Na kama kipo chombo chepesi zaidi, nielekezeni.

Maalim wa Ng'ambo

Waalaykumu salaam, mwalimu mwenzangu. Kwanza nikuondoe wasiwasi: kazi ya wale waliolia haijapotea. Ingia kwa akaunti yako, fungua sehemu ya historia ya matoleo, nawe utaona waraka ulivyokuwa kabla haujafutwa, na unaweza kuurudisha hapo ulipokuwa. Fanya hivyo mbele ya darasa zima, kwa sababu mtoto akishaona kwamba kufuta hakufichiki wala hakudumu, hamu ya kufuta humpungua.

Pili, usiwape ukurasa mtupu. Chora jadweli, kila kikundi kiwe na safu yake, na mwezi wa kwanza asiandike mtu katika safu ya mwenzake. Mimi kabla ya kugusa kompyuta nilitumia wiki mbili na karatasi za manila ukutani: kila kikundi na kalamu ya rangi yake, na sharti lilikuwa moja tu, kwamba la mwenzako hulikati, bali unaliandikia swali pembeni. Walipokuja kuiona sehemu ya maoni kwenye kompyuta, hawakuhitaji kufundishwa, maana walikwishaizoea kwa mkono.

Lakini nadhani tatizo kubwa liko kwenye swali ulilowapa. Vikundi vyote vitano vilikuwa na kitabu kile kile na maelezo yale yale, kwa hiyo hakuna aliyemhitaji mwenzake, na anayeandika asichohitajiwa huishia kucheza. Wagawe kwa shehia wanazotoka. Wawaulize wazee wao popo wanaonekana wapi, wanakula nini, embe au mashelisheli, na zamani walikuwa wengi kiasi gani, kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hawa walikaribia kutoweka na wapo watu wazima wanaokumbuka. Kila kikundi kitakuja na jambo ambalo wengine hawanalo, na hapo ndipo waraka wa pamoja unapokuwa na kazi ya kufanya.

Fundi wa Chake

Mimi si mwalimu, natengeneza kompyuta, kwa hiyo nitasema la upande wangu tu. Watoto wakiingia kwa kiungo bila ya akaunti, Google huwapa majina ya wanyama, na historia haitakwambia nani ni nani. Ipo programu huria iitwayo Etherpad, iliyoanza mwaka 2008, ambayo kila mwandishi maneno yake hutokea kwa rangi yake. Inawekwa kwenye kompyuta moja, nyengine zinaunganishwa nayo kwa ruta ndogo, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta bila ya waya, na bando halitumiki hata kidogo, kwani kila kitu kinabaki humo humo darasani. Ruta iwe na betri ya akiba, maana umeme wetu unatoka Tanga kupitia chini ya bahari tangu 2010, na ukikatika kompyuta zitaendelea lakini ruta itazimika.

Mama wa watatu

Mimi ni mwalimu na ni mzazi, na naunga mkono rai ya fundi kwa sababu nyengine. Akaunti ya kawaida ya Google inataka mtoto awe ametimiza miaka 13, na wa darasa la tano wengi wao wana kumi au kumi na moja. Kuna walimu wanaowadanganyia watoto mwaka wa kuzaliwa, jambo ambalo mimi silikubali. Ukibaki na Google, tumia akaunti yako peke yako, watoto waandike jina la kikundi na si majina yao kamili, na somo likimalizika ukigeuze kiungo kiwe cha kuangalia tu. Tafadhali pia usiwape kazi hii waimalizie nyumbani, kwani wakitoka skuli wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na simu ni ya baba.

Mwalimu wa Wete

Nashukuru sana. Nitaanza na manila, kisha fundi nitakutafuta. Limebaki moja: kikundi kina watoto kumi na kompyuta ni moja. Nani ashike kibodi bila ya wengine kusinzia?

Maalim wa Ng'ambo

Gawa kikundi nusu: watano wawe kwenye kompyuta, watano kwenye manila, kisha wabadilishane. Kwenye kompyuta wapokezane kila dakika nane, na anayeshika kibodi haruhusiwi kuandika sentensi yake mwenyewe, anaandika ile anayotajiwa na aliyekaa kushoto kwake.