Kompyuta inajizima ghafla na kujiwasha: kazi nzito inaivumilia, menyu ya gemu inaiangusha

Zamu_ya_Usiku

Wakuu, habari zenu.

Nina kompyuta ya mezani ninayohariria video za harusi, na nikimaliza kazi kijana wangu huichezea gemu. Sasa imeanza tabia. Inakatika ghafla, skrini giza, feni kimya kidogo, halafu inajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Haigandi kwanza, haileti skrini ya bluu, haitoi ujumbe wowote. Ikirudi, Windows inanisomea kwamba kompyuta haikuzimwa ipasavyo, utadhani mimi ndiye niliyechomoa waya.

Kinachonichanganya ni wakati inaouchagua. Nikiwa natoa video iliyokamilika, prosesa inabanwa kwa saa nyingi mfululizo na mashine haitikisiki. Lakini kijana akifungua gemu, hata hajaanza kucheza, yuko kwenye menyu ya kuchagua mchezaji tu, inakata. Akibahatika kuivuka menyu anaweza kucheza jioni nzima. Na si gemu peke yake, maana juzi ilinikata nikiwa navuta kishale huku na huku kwenye video niliyoirekebisha rangi.

Pawa saplai (boksi linaloigawia mashine umeme) ni ya wati 550, ina umri wa kama miaka 8, nimeirithi kutoka mashine iliyopita. Kadi ya michoro niliinunua ikiwa imetumika, inataka plagi 2 za pini 8. Ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni vipande 2 vya GB 16, kimoja nimekiongeza karibuni. Windows 11. Vumbi nimeshapuliza.

Nyumbani kesi imeshaamuliwa: mkosaji ni gemu, na kijana kapigwa marufuku. Nataka kujua kama amehukumiwa kwa haki.

Nyuki

Piga Windows upya, mkuu. Yangu ilikuwa na shida hiyohiyo, nikaformati ikatulia. Mara nyingi ni draiva (programu inayoendesha kifaa) au kirusi.

Taa_Kijani

Mimi naishuku ramu. Umesema umeongeza kipande karibuni. Vipande vya kampuni mbili tofauti, au hata kampuni moja lakini kasi tofauti, wakati mwingine havielewani. Ingia kwenye baiosi (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uangalie kama umewasha XMP, ile inayoikimbiza ramu kwa kasi ya juu. Ukiwa umewasha, zima, ramu irudi kwenye kasi yake ya kawaida, kisha tazama. Halafu iendeshee Memtest86+, programu ya kupima ramu, usiku kucha. Ikitoka hata kosa moja, hilo si la kupuuza, ramu nzima haitakiwi kuwa na kosa hata moja.

Bisibisi

Usiformati bado, kaka. Ukiformati mashine yenye kasoro ya umeme utapata Windows mpya inayojizima vilevile, na utakuwa umepoteza siku nzima ya kurudisha programu zako za kuhariri.

Kwanza tuiulize mashine yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, fungua kumbukumbu za System. Tafuta tukio lenye chanzo Kernel-Power, namba 41, kwenye dakika ileile iliyokatika. Hilo 41 lenyewe halikwambii sababu, linasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Watu wengi wakiliona wanadhani wameshapata ugonjwa. Ingia ndani kwenye maelezo yake uangalie BugcheckCode, yaani namba ya kosa. Ikiwa ni namba fulani, mfano 159, basi Windows iliwahi kuona kosa na kuliandika kabla ya kuanguka, tutafuata njia ya draiva. Ikiwa ni 0, mara nyingi maana yake haikupata hata nafasi ya kuandika.

Pili, andika sysdm.cpl mahali palepale, nenda Advanced, halafu mipangilio ya Startup and Recovery, uondoe alama kwenye Automatically restart. Kama kulikuwa na skrini ya bluu inayopita upesi kuliko jicho lako, sasa itabaki imesimama uisome.

Angalia pia kama kuna matukio ya WHEA-Logger. Hayo ni malalamiko ya vifaa vyenyewe, hasa prosesa.

Na nijibu haya: inapokata, taa au kifaa kingine kwenye soketi ileile kinapepesa? Joto la prosesa likoje unapotoa video? Na ile kadi ya michoro, plagi zake 2 zinatoka kwenye nyaya 2 tofauti, au ni waya mmoja wenye vichwa 2?

Zamu_ya_Usiku

Nimerudi na majibu.

41 zipo nyingi, zote BugcheckCode 0. WHEA-Logger hakuna. Alama nimeiondoa na bado inakata na kujiwasha vilevile, skrini ya bluu sijaiona. Memtest86+ imelala ikifanya kazi, asubuhi makosa 0. XMP nimezima, ikakata tena siku hiyohiyo kwenye menyu ileile, kwa hiyo @Taa_Kijani nakushukuru lakini ramu imejitetea vizuri.

Taa hazipepesi. Nimechomeka moja kwa moja ukutani bila kebo ya kuongezea, hali ni ileile. Prosesa wakati wa kutoa video inafika nyuzi 78 na kubaki hapo.

Waya wa kadi: ni mmoja wenye vichwa 2. Sikujua kama kuna tofauti, vichwa vilikuwepo, nikavichomeka.

@Bisibisi, kama ni umeme, mbona video ya saa 3 haiiangushi? Hiyo si ndiyo kazi nzito kuliko zote?

Bisibisi

Nzito kwa prosesa. Lakini kwa jinsi unavyoieleza, programu yako inatoa video kwa prosesa na kadi ya michoro inakaa karibu bure. Prosesa inakula umeme mwingi lakini kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Pawa saplai iliyochoka ni kama mchukuzi mzee: gunia begani analibeba safari nzima, ila ukimrushia hilohilo ghafla anakwenda nalo chini.

Na kadi ya michoro ndiyo inayorusha. Kadi inayotajwa kuwa ya wati 220 inakula wastani huo, lakini ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde inaweza kuruka juu sana, hata kukaribia mara 2. Kipimo cha kawaida hakikuonyeshi, kinaona wastani tu. Jambo hili limekuwa kubwa kiasi kwamba kiwango cha kutengenezea pawa saplai, ATX 3.0 cha mwaka 2022, kinazitaka pawa saplai zenye plagi mpya ya kadi za michoro zivumilie mruko wa hadi mara 2 ya wati zake kwa sehemu 100 kati ya milioni za sekunde. Ya kwako ilizaliwa kabla ya habari hizo.

Sasa menyu. Ndani ya gemu kadi ina kazi ya kweli ya kuchora, labda picha 80 au 100 kwa sekunde. Kwenye menyu hakuna cha kuchora, picha imesimama, basi kama hakuna kikomo inachora mamia au hata maelfu ya picha zilezile kwa sekunde. Ukisogeza uso karibu na kasha utasikia mlio mwembamba kama wa mbu, hizo ni koili (nyaya zilizoviringwa) za kadi. Na ulipokuwa unavuta kishale kwenye video ya rangi, kadi ilikuwa inaitwa na kuachwa, inaitwa na kuachwa. Ndiyo mruko uleule.

Kwa nini inajiwasha badala ya kubaki imezima? Pawa saplai ina waya mmoja unaoiambia madabodi (bodi kuu ya kompyuta) kwamba umeme uko sawa. Volti 12 inaruhusiwa kuyumba asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Ikiporomoka, ishara hiyo inaondoka, madabodi inasimamisha kila kitu papo hapo, na ishara ikirudi inaanza upya. Ndiyo maana Windows haina habari. Kwa kawaida joto la kupindukia huizima mashine ikabaki imezima, na nyuzi 78 wala si za kutisha.

Kuna jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde kwenye mipangilio ya draiva ya kadi, kwa programu zote. Kisha punguza kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70 kwa programu ya MSI Afterburner. Mwache kijana akae kwenye menyu hiyohiyo makusudi.

Nyuki

Hiyo ya menyu sikuijua. Naondoa neno langu la kuformati, ingawa kwangu lilifanya kazi.

Bisibisi

Kwako inawezekana kweli ilikuwa draiva, dalili moja ina magonjwa mengi. Ndiyo maana ya kusoma BugcheckCode kwanza.

Zamu_ya_Usiku

Wakuu, marufuku imeondolewa kwa muda kwa ajili ya utafiti. Kijana amefurahi kupita kiasi.

Kwa kikomo cha picha 60 na umeme asilimia 70, menyu imekaa wazi tangu mchana hadi tulipokwenda kulala. Haikukata. Nikaondoa vikomo vyote viwili, haikufika hata robo saa. Mlio wa mbu upo kweli, na kikomo kikiwekwa unanyamaza.

Halafu nikatafuta waya wa pili kwenye pawa saplai, nikachomeka kadi kwa nyaya 2 tofauti bila vikomo. Imeboreka, lakini haijapona. Sasa inakata mara mojamoja tu.

Bisibisi

Ilitarajiwa. Kila plagi ya pini 8 imewekewa wati 150, na waya mmoja wenye vichwa 2 unazipitisha zote kwenye njia moja, volti inapotea njiani. Nyaya 2 zimepunguza upotevu huo. Kilichobaki ni pawa saplai yenyewe, kapasita zake (vipande vinavyohifadhi chaji ya umeme) zimezeeka. Usiifungue kuangalia, kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomoa. Tafuta mpya ya wati 750 yenye kutaja ATX 3.0 au 3.1. Mpaka hapo fanya kazi na vikomo vyako, havina madhara.

Hifadhi pia kazi zako mahali pengine. Kila inapokatika wakati diski inaandika, kuna faili linaweza kuharibika.

Taa_Kijani

Na ukishapona urudishe XMP, usiiache ramu inatembea polepole bure.

Zamu_ya_Usiku

Nimepata ya wati 750, ina nyaya za kuchomoa pande zote mbili kama ile ya zamani. Zile za zamani tayari nimezipitisha nyuma ya kasha na kuzifunga vizuri, kwa hiyo nafikiria kuziacha palepale nibadilishe boksi tu. Plagi zinaingia.

Bisibisi

SIMAMA. Usiwashe.

Upande wa vifaa plagi zina mpangilio mmoja duniani kote. Upande wa pawa saplai hakuna mpangilio wa pamoja, kila kampuni inapanga pini zake inavyotaka, na hata kampuni moja hubadilisha kati ya toleo na toleo. Plagi itaingia bila kulalamika huku volti 12 ikienda mahali pa volti 5, na diski zako zitaungua papo hapo. Toa nyaya zote za zamani, hata ule wa diski uliojificha nyuma, tumia zilizokuja kwenye boksi jipya peke yake.

Zamu_ya_Usiku

Umeniwahi, nilikuwa nimeshachomeka waya wa diski. Nimezing'oa zote.

Nimeifunga upya kwa nyaya zake, vikomo nimeondoa, XMP nimerudisha. Kijana yuko kwenye menyu tangu asubuhi, na ameniomba niandike hapa kwamba anadai fidia ya siku alizofungiwa.

Bisibisi

Mlipe. Ila hicho kikomo cha picha kirudishe, hata mashine nzima haina sababu ya kuchora menyu mara elfu kwa sekunde.