Ndugu yangu amekamatwa kwa simu ya kununua: nitafute wakili sasa au ningoje?

MamaSwabra_Busia · Jumamosi, saa 4 asubuhi

Salaam wote. Jana sijalala, naomba mawazo yenu. Mdogo wangu ni mtu wa bodaboda hapa Busia, upande wa Uganda. Mwezi uliopita alinunua simu kwa kijana anayeshinda stegini kwao, pale kituo cha bodaboda, kwa shilingi 180,000. Laki moja alimpa mkononi, 80,000 akamtumia kwa mobile money. Jana saa 11 jioni askari wawili wasiovaa sare wakamfuata hapo hapo stegini, wakasema simu ni ya wizi, wakamchukua.

Leo nimempelekea chai. Nimeambiwa nilete laki tatu za bondi, yaani dhamana ya polisi, la sivyo atakaa mpaka Jumatatu. Afande mwingine akanivuta pembeni: "Mama, mwambie akubali tu, ni kesi ndogo, hakimu atamwonya arudi nyumbani." Chairman wetu wa LC1, yaani wa kijiji, naye anasema tumtafute mwenye simu tuyamalize. Mimi nauza mukene (dagaa) sokoni, wakili nilijua ni wa matajiri. Nimtafute sasa au ningoje nione kama watampeleka kotini?

Stegi_Kubwa · saa 4:20

Dada lipa tu. Mimi nililipa, nikatoka jioni ile ile. Ukileta wakili wanakasirika na kesi inanenepa.

Mkalimani_Mstaafu · saa 5:05

Mama Swabra, pole. Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili mahakamani kwa miaka mingi, upande huu huu wa mashariki. Sikuwa wakili na siyo wakili leo. Lakini nilisimama kati ya kizimba na hakimu, na mambo mengi yalipita mdomoni mwangu, kwa hiyo nisikilize.

Maneno yaliyonitisha katika barua yako si laki tatu. Ni hayo ya "akubali tu".

Nimewatafsiria vijana wengi waliokubali tu. Wamechoka na sero, wamenyimwa usingizi na kunguni, mtu amewaambia ukikubali unarudi nyumbani. Shtaka linasomwa, mimi natafsiri, kijana anasema "ni kweli". Ni kweli nini? Ni kweli alinunua simu! Lakini kununua si kosa. Kosa la kupokea mali ya wizi linataka awe alijua ni ya wizi, au alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Kijana anajibu swali la kwanza, korti inaandika jibu la swali la pili.

Baada ya hapo mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kesi, na mshtakiwa anaulizwa kama maelezo hayo ni sawa. Hapo ndipo mlango wa mwisho. Akisema "nilinunua lakini sikujua", hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana, na kesi isikilizwe. Nilikuwa nalitafsiri hilo "lakini" kwa sauti kubwa kuliko mengine yote, Mungu anisamehe kama ni upendeleo. Wengi hawalisemi.

Sasa swali lako. Wakili atafutwe leo, kabla ndugu yako hajaweka sahihi au dole gumba kwenye maelezo yake polisi. Watu hungoja mpaka kotini, na wakili anayefika kotini anakuta karatasi imeshaandikwa, anabaki kubishana nayo. Nenda sasa hivi na chai ya pili, umwambie mambo mawili tu: anyamaze kuhusu kesi mpaka apate mtu wa kumshauri, na asitie sahihi asichosomewa kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 23 ya Katiba ya 1995 inasema aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoifahamu, na aambiwe ana haki ya wakili anayemtaka yeye. Kiswahili kinatosha, Kisamia kinatosha. Kama amekwisha kukiri usikate tamaa. Kukiri mtu akiwa mikononi mwa polisi hakupokelewi kama ushahidi isipokuwa kumefanywa mbele ya ofisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi kwenda juu, au mbele ya hakimu. Wakili atauliza hilo kwanza.

Bondi ya polisi ni bure. Bure kabisa, na vituo vingine vimebandika hivyo ukutani, wewe unaisoma ukiwa umeshika pesa mkononi. Anachohitaji ni wadhamini: watu wenye kitambulisho cha taifa, ile ndaga muntu, na barua ya chairman. Basi chairman wako ana kazi, aandike barua. Kesi ya jinai si yake kuamua, na hata mwenye simu akisamehe, faili halifungwi na yeye.

Na saa zinahesabika. Saa 48 tangu kukamatwa, ama yuko nje kwa bondi ama amefikishwa kotini. Alikamatwa Ijumaa saa 11 jioni, kwa hiyo mwisho wake ni Jumapili saa 11 jioni. Watakuambia wikiendi haihesabiwi. Katiba haikuitoa Jumapili.

Ile 80,000 ya mobile money ndiyo dhahabu yenu. Ujumbe usifutwe! Una namba na jina la muuzaji, tarehe na saa. Mwizi halipii simu aliyoiba mwenyewe.

Nimeandika mengi, chai imepoa.

Binti_wa_Sheria · saa 6:40

Mzee amesema yote, naongeza moja, maana nafanya kazi katika ofisi ya mawakili. Uliza simu iliibiwaje. Ikiwa mwenye simu aliporwa kwa panga au bunduki, polisi wanaweza kuandika wizi wa kutumia nguvu na silaha, na hapo hali inageuka kabisa. Kosa hilo adhabu yake inafika kifo, husikilizwa Mahakama Kuu tu, na hakimu wa mahakama ya chini hawezi kutoa dhamana. Mtu anaweza kukaa rumande siku 180 kabla ya kupata haki ya kuachiwa kwa dhamana, wakati kwa makosa ambayo hakimu anaweza kuyasikiliza ni siku 60. Kwa kesi ya aina hiyo serikali hulipa wakili, lakini huyo hufika kwenye kesi yenyewe, si usiku wa leo.

Kuhusu pesa: Justice Centres Uganda na mradi wa msaada wa sheria wa Uganda Law Society huwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Ukipata wa kulipa, mwombe cheti chake cha kufanya kazi cha mwaka huu. Pale kotini nje kuna watu wa tai na bahasha ambao si mawakili hata kidogo.

Stegi_Kubwa · saa 7:10

Mzee mkalimani, mimi basi nilitoa laki mbili za bure?

Mkalimani_Mstaafu · saa 7:15

Ulipewa risiti?

Stegi_Kubwa · saa 7:16

😂 Hapana.

MamaSwabra_Busia · Jumapili, saa 3 usiku

Asanteni sana. Jana nilirudi nikamwambia yale mawili. Alikuwa hajatia sahihi, walikuwa wamemwambia leo. Wakili wa msaada tulimpata kwa simu, akaongea na afande msimamizi, akamtajia saa. Sijui waliongea nini kingine, ila habari ya laki tatu haikurudi tena. Chairman alinung'unika lakini barua akaiandika. Ametoka leo saa 10 jioni kwa bondi, wadhamini ni mimi na mwenyekiti wa stegi yao. Anaripoti Jumatano. Simu imebaki kwao kama kielelezo.

Mzee, swali moja: ujumbe wa mobile money upo, lakini ulikuwa kwenye simu yake ya zamani, ile ndogo, na kioo kimekufa. Inatosha?

Mkalimani_Mstaafu · saa 3:25 usiku

Laini nzima? Basi aende na kitambulisho kwa kampuni yake ya simu, aombe taarifa ya miamala ya mwezi ule. Afanye kesho, kabla ya Jumatano, nakala moja ampe wakili na moja ukae nayo wewe. Kioo mwachie fundi.