Nimeuziwa "i7" ya kori mbili, nikashauriwa kununua kanisa wakati nilikuwa nalo tayari. Nani ananirudishia pesa?

Wasee, leo siombi ushauri. Ushauri ndio ulionifikisha hapa. Leo nimekuja kulalamika, na anayeona uzi ni mrefu apite na njia yake.

Kazi yangu wengi mnaijua: natengenezea kwaya muziki wa okestra kwa kompyuta. Fidla, chelo, tarumbeta, timpani, vyote vinatoka kwa mashine, maana kwaya ya mtaa haina pesa za kulipa wachezaji 40 wa kweli, na hata ingekuwa nazo, utawakusanya wapi hapa Nairobi wote kwa pamoja Jumanne asubuhi? Mwezi wa sita nikapata kazi ya kwaya moja ya huku Eastlands. Nyimbo nane, kianzio shilingi 20,000. Nikasema basi, laptopu yangu kuukuu ipumzike.

Nikaingia duka moja pale Kimathi Street. Nikamweleza kijana wa duka polepole: nafanya okestra, wimbo mmoja unaweza kuwa na ala 45 zinazolia kwa wakati mmoja, nataka mashine ya kuzibeba. Akaitikia huku anachapa meseji. "Bosi, chukua hii. Ni i7. i7 ni i7." RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya gigabaiti 16, hard disk ya terabaiti moja, kioo kisafi, mtumba wa Uingereza, 46,000. Akaniongezea begi. Nikafurahia begi, mjinga mimi.

i7 ni i7! Nilipofika nyumbani nikasoma jina zima: i7-6600U. Hiyo U ya mwishoni ndiyo kesi yenyewe. Ni prosesa ya wati 15, iliyoundwa ili laptopu iwe nyembamba na betri idumu. Ina kori mbili, yaani vichwa viwili tu vya kupiga hesabu. Mbili, jameni. Mwaka huohuo ilipotoka, 2015, kulikuwa na i7-6700 ya mashine za mezani, kori nne, wati 65. Jina la ukoo ni moja, lakini mmoja ni mbeba mizigo wa Gikomba na mwingine ni karani. Na ningechukua i5-8400 ya mezani, ambayo ukiitaja watu wanakunja pua eti ni "i5 tu", ningepata kori sita. Kijana alijua? Sidhani. Ndiyo maana hasira zangu haziishi: hakunidanganya hata, alikuwa hajui anachouza, na hakuona haja ya kujua.

Halafu hiyo hard disk. Ilikuwa ile ya kuzunguka, yenye sindano. Wengi humu hamjui programu za sampuli (zile zinazocheza noti zilizorekodiwa kwa ala za kweli) zinavyofanya kazi, kwa hiyo nisikilizeni. Haziweki sauti yote kwenye RAM. Zinaweka kipande cha mwanzo tu cha kila noti, na ukishabonyeza, salio linavutwa kutoka kwenye diski huku unacheza. Sasa piga hesabu. Sauti moja ya stirio, biti 24, vipimo vya sauti 48,000 kwa sekunde (navyo huitwa sampuli), inakula baiti 288,000 kila sekunde. Ukiwa na sauti 200 zinalia pamoja, na kwa okestra hizo si nyingi, ni kama megabaiti 58 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka inasoma faili moja ndefu kwa kasi zaidi ya hapo bila shida. Kwa karatasi, ingetosha! Shida ni kwamba zile sauti 200 ziko mahali 200, na sindano ni moja. Inaruka huku, inaruka kule, kama matatu inayosimama kila steji kutoka Umoja hadi Muthurwa. Injini nzuri haikusaidii. SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, haina sindano, ndiyo maana hata ya bei ya chini inaiacha mbali. Ile ya terabaiti ambayo kijana aliisifu kwa ukubwa wake ilinifaa kuhifadhi filamu.

RAM 16 nayo? Toa ya Windows, toa ya programu ya kurekodia, na kwenye kinachobaki, fidla za kwanza na za pili zikishaingia na mitindo yao yote (kuvuta, kudonoa, kutetemesha), chelo anakuta mlango umefungwa. Ikijaa, kompyuta inaanza kukopa nafasi kwenye diski. Diski gani? Ileile ya sindano.

Nikafanya anachofanya kila maskini: nikapunguza. Na hapa ndipo nilipojichimbia kaburi bila kujua, nitarudi hapo.

Sauti ikawa kavu, haina mwangwi wa ukumbi. Fidla zikalia kama redio ndani ya debe. Nikaja humu mwezi wa saba nikaeleza, na wataalamu mkajaa na habari za rivabu, yaani programu za kuongeza mwangwi. "Nunua rivabu ya konvolusheni." "Bila konvolusheni hakuna okestra, kaka." Mmoja akaniandikia kwamba anayetumia rivabu za bure asijiite prodyusa. Nikatoa zaidi ya dola 200, na VAT ya asilimia 16 juu yake. Mwenye kujua dola inauzwaje anajua hiyo ni kodi ya nyumba ya mtu.

Programu yenyewe siitukani, inafanya ilichoundiwa. Konvolusheni inachukua mwangwi uliorekodiwa katika jumba halisi na kuipitisha kila sampuli ya sauti yako ndani ya mwangwi huo. Inapendeza mno. Lakini ni hesabu nzito: mwangwi wa sekunde tatu ni sampuli 144,000 kwa kila chaneli, na ile stirio kamili inahitaji chaneli nne. Rivabu za algoriti hazina rekodi ya jumba, zinaunda mwangwi kwa kuzungusha sauti kwenye mistari ya kuchelewesha, na kwa kawaida ni nyepesi. ValhallaRoom ni dola 50. Dragonfly ni ya bure kabisa. Kuna aliyeniambia hivyo? Hakuna. Kila mtu alitaka nionekane wa Hollywood.

Na hakuna aliyeniambia niiweke mahali pamoja tu. Mlisema "weka rivabu kwenye fidla," nikaweka kwenye fidla. Mkasema "na kwenye tarumbeta pia." Nikafika 22. Majumba 22 juu ya kori mbili.

Mwalimu wa kwaya akataka "sauti ya kanisa kuu", nami nikachagua kanisa kuu kwenye orodha, mwangwi wa sekunde nane. Mnajua jumba la Musikverein kule Vienna, ambalo dunia nzima inalisifia, mwangwi wake ukumbi ukiwa na watu ni kama sekunde mbili tu? Kwa tempo ya mapigo 120 kwa dakika, semikweva moja (noti fupi, robo ya pigo) ni sekunde 0.125. Yaani kwa sekunde nane, semikweva 64 zilikuwa zinaelea hewani kwa pamoja. Ule haukuwa muziki, ulikuwa uji wa wimbi.

Jumamosi ile mwalimu akaja na wazee wawili wa kanisa na mama mweka hazina. Chumba changu ni kidogo, wazee wakakaa kitandani. Nikabonyeza. Fidla zikaingia vizuri, mama akatabasamu, tarumbeta zikaingia, na mashine ikaanza kutatarika kama bisi kwenye sufuria. Nikasema samahani, nikaongeza bafa (akiba ya sauti ambayo mashine huandaa mapema) hadi sampuli 1024. Ikatatarika polepole zaidi. Stima nayo ikapotea hapohapo, laptopu ikahamia kwenye betri, na zile za aina hii zikihamia kwenye betri zinapunguza kasi ili zijitunze. Ikaganda. Mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii ndiyo ile mpya?"

Nimerudisha kianzio. Chote 20,000. Kwaya imerekodi na kinanda kimoja, na naambiwa imetoka vizuri, na hilo nalo limeniuma.

Sasa nirudi kule kwenye kaburi. Wiki mbili zilizopita nilimpelekea mradi dada mmoja wa South B anayetengeneza muziki wa matangazo. Hakufungua hata rivabu. Aliuliza jambo moja: "Kaka, hizi fidla zilirekodiwa wapi, na umewasha maiki zipi?"

Nikanyamaza.

Maktaba yangu ya sauti ilirekodiwa London, Lyndhurst Hall, studio za AIR kule Hampstead. Jengo hilo lilikuwa kanisa, la miaka ya 1880, likawa studio mwaka 1992. Kila noti ilirekodiwa na maiki za karibu, maiki za juu ya kondakta, na maiki za mbali zinazonasa jumba lenyewe. Na mimi, katika kupunguza ili RAM 16 itoshe, nilizima za juu na za mbali, nikaacha za karibu. Nililizima kanisa kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikaja kulia humu kwamba sauti ni kavu, nanyi mkaniambia ninunue kanisa lingine kwa dola 200, lichomeke mara 22, ili lile duka la Kimathi Street lipate kuniua vizuri.

Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Majibu 37 kwenye ule uzi, nimeyahesabu. Kuna maktaba zilizorekodiwa pakavu kwa makusudi, Vienna Symphonic Library wana chumba chao wanachokiita Silent Stage, na mtu wa hizo anahitaji rivabu nzuri kwelikweli. Wa Lyndhurst anahitaji RAM na SSD ili awashe alichokwisha kununua. Ni wagonjwa wawili tofauti, na nyinyi mnagawa dawa moja dirishani bila kumpima mtu.

Yule dada aliwasha maiki za juu ya kondakta kwenye mashine yake, akafuta rivabu zangu zote 22, akaweka moja, ya algoriti, kwenye njia ya pembeni, kila ala ikaipelekea kidogo: tarumbeta na timpani zaidi ili zikae nyuma, fidla kidogo. Mwangwi sekunde 1.9, ucheleweshaji wa mwanzo milisekunde 25, besi ya mwangwi akaikata chini ya hezi 200. Dakika kumi. Nilitaka kulia, na si kwa furaha.

Nyongeza, saa tatu usiku: anayeniuliza kwa nini sikugandisha traki (kuigeuza iwe sauti iliyokwisha kurekodiwa, prosesa ipumzike), niligandisha. Kugandisha kunasaidia kori, lakini mwalimu wa kwaya akisema "hapo fidla zipande kidogo" inabidi uigandue, usubiri, ubadilishe, ugandishe tena, na wazee wako kitandani wanatazama saa. Na anayesema nirudishe mashine dukani: nilirudi. Risiti imeandikwa "bidhaa ikishatoka hairudishwi" kwa herufi ndogo chini ya picha ya Krismasi. Kijana alinikumbuka. Akaniuliza kama nataka kuongeza pesa nichukue nyingine, "hii pia ni i7". Nikaigeuza nikasoma kibandiko. U.

Nimepata ya mezani kwa mtu mmoja pale Luthuli Avenue, i7-8700, kori sita, RAM 32, SSD ndani. Anataka 45,000. Nimemwomba tuiwashe nisome jina lote mbele yake, akakubali bila kununa, ingawa bado sina pesa.

Kwa hiyo laptopu inauzwa. Inaandika barua vizuri, inacheza mpira bila kukwama, begi lipo. 38,000, tunaongea. Ina kori mbili.