Fungu la milioni 20 kwenye apatimenti za Ilazo, hesabu inakaa?

Alizeti_Sgd: Wakuu, habari za jioni. Kuna apatimenti nne za vyumba viwili Ilazo, Dodoma, zinauzwa milioni 160. Jamaa anakusanya watu 8, milioni 20 kila mmoja. Anasema kila moja inapangishwa laki 4 na nusu, yaani asilimia 13.5 kwa mwaka, na yeye ndiye atasimamia. Mimi niko Singida, sitaki kukimbizana na wapangaji. Nipime nini kabla ya kutoa hela?

KalamuNaKikokotoo: Mkuu, hiyo 13.5 ni kodi ya miezi 12 bila hata siku moja ya chumba kitupu. Ifanye hivi. Kodi yote ni milioni 21.6. Toa mwezi mmoja na nusu wa kukaa tupu kwa kila apatimenti, inabaki 18.9. Msimamizi asilimia 10: 1.89. Mlinzi laki 2 kwa mwezi: 2.4. Matengenezo, weka kodi ya mwezi mmoja wa jengo zima: 1.8. Taka, taa za nje na pampu: laki 6. Halafu TRA (Mamlaka ya Mapato) asilimia 10 ya pango lililopokelewa (ndiyo, kodi nayo inalipiwa kodi): 1.89. Mkononi inabaki milioni 10.3 hivi, ambayo ni asilimia 6.4 ya milioni 160, na hapo gharama za uhamisho na mwanasheria bado.

Ilinganishe na kuponi, yaani riba ya mwaka, ya hatifungani (unaikopesha Serikali) ya miaka 20 au 25 ambayo Benki Kuu itakuwa inauza mwezi huo. Unaanza na milioni 1, riba yake haikatwi kodi, wala hatifungani haipasuki bomba. Jengo likikupa chini ya hapo, unachonunua ni matumaini ya kiwanja kupanda bei. Si vibaya, ila kijue kwa jina lake.

Omba pia risiti za kodi za miezi 24. Anayepangisha kwa siku akikuonyesha za Aprili hadi Juni tu, huo ni msimu wa Bunge la bajeti, wageni wamejaa mjini. Usizidishe mara nne.

Kiwanja_Kitalu: Hati ni ya nani?

Alizeti_Sgd: Anasema iko kwa jina lake, sisi tutaandikishana kwa mwanasheria.

Kiwanja_Kitalu: Basi mtakuwa mmemkopesha hela bila dhamana. Akikopa benki kwa hati hiyo au akifariki, ninyi mtasimama nje na karatasi. Njia ziko mbili: majina yote 8 yaingie kwenye hati na sehemu ya kila mmoja ikitajwa, au mfungue kampuni BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) na hati iwe ya kampuni. Kampuni ni rahisi mtu anapotaka kuuza hisa zake, lakini faida yake inatozwa asilimia 30 na kila mwaka kuna taarifa za kuwasilisha.

Kabla ya yote fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi, usiamini nakala ya simu. Unatafuta jina la mmiliki, rehani, zuio, na muda uliobaki. Dodoma hilo la muda lina uzito wake: hati za CDA (iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) zilikuwa za miaka 33. CDA ilivunjwa 2017 na ikaagizwa zibadilishwe kuwa za miaka 99, lakini ya 1995 ambayo haijabadilishwa inakwisha 2028. Dai risiti ya pango la ardhi la mwaka huu, na ridhaa ya mwenza wa muuzaji kwa maandishi. Pia mpeleke mpimaji akahakiki vigingi, maana kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili si hadithi ngeni mji huu.

Mkataba useme mapema anayetaka kutoka anauza kwa nani, kwa bei ya nani, ndani ya siku ngapi. Moja ya nane ya jengo haina soko la mtaani.

Tenki_Juu: Kuna na maji. Familia nne hutumia kama lita 1,400 kwa siku, kwa hiyo tenki la lita 5,000 ni siku tatu na nusu. Mgao ukizidi hapo unanunua boza, na mpangaji anayelipa laki 4 na nusu hasubiri mwezi mwingine. Uliza tenki ni za lita ngapi, na kila apatimenti ina LUKU yake ya umeme au wote wako kwenye mita moja.

Alizeti_Sgd: Mita moja. Narudi kwake na maswali haya.