Aliyenibandika lebo ya bei kifuani leo: najua uko humu, soma uzi wako

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nimetoka kaunta sasa hivi, yunifomu sijavua, gundi ya lebo bado inanata kifuani.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule yule wa miwani ya utosini, miwani ambayo machoni haijawahi kushuka hata kwa bahati mbaya. Kila duka lina wa kwake, ila huyu ndiye mwenyekiti wao. Simtaji. Akisoma hapa atajijua, kama atashusha miwani.

Kisa ni ndoo ya sabuni ya unga, kilo 5. Lebo ya rafuni ina namba mbili. Ya juu kubwa, nene, ndiyo bei ya ndoo. Ya chini ndogo, na pembeni imeandikwa kabisa "kwa gramu 100", imewekwa ili mtu alinganishe ndoo na pakiti aone wapi kuna nafuu. Mwenyekiti karuka ile kubwa, inayosomeka hadi barabarani, kaenda kuidaka ile ya sisimizi. Nikapiga kwenye mashine, bei ikatokea. Akasema, "Wezi." Hata "samahani kijana" hakuna. Wezi! Kwa wingi, na pale kaunta niko peke yangu.

Nikamweleza kwa upole, mama yangu, hiyo ni ya gramu 100, na hii ndoo ni gramu 100 mara 50. Akanijibu hakuja kufundishwa hesabu. Ni kweli, hakuja kwa hesabu. Alikuja kuondoka na ndoo nzima kwa bei ya konzi moja.

Halafu akapotea. Ndoo kaiacha kaunta, foleni imefika mlangoni, kuna mtoto nadhani ameota meno humo humo akisubiri. Nikajua kaghairi. Kumbe kaenda rafuni. Nasikia tu kwa mbali, kraaa! Kang'oa lebo. Anarudi ameinyanyua juu utadhani refa na kadi nyekundu. Nikanyoosha mkono nimpokee.

Hakunipa mkononi, wakuu. Akanibandika kifuani. Juu ya jina langu. Akaikandamiza na kidole gumba, taratibu, kuanzia kona hii hadi kona ile, mpaka ikashika. Kisha akaniuliza: "Na wewe unauzwa bei gani?"

Foleni nzima kicheko. Mlinzi, ambaye hajawahi kucheka tangu aajiriwe, kacheka mpaka kirungu kikamdondoka.

"Na wewe unauzwa bei gani?" Mimi! Mtu nina watoto, nina wakwe!

Meneja akaja. Nikasema afadhali, mkombozi huyu. Akainama akaisoma lebo ikiwa bado iko kifuani kwangu, ananipumulia shingoni, akamaliza, akamgeukia yule: "Mteja wetu, tunaomba radhi kwa usumbufu." Usumbufu ndio mimi? Na punguzo akampa. Yaani ukibandika keshia unapata punguzo, tangazeni basi kwenye redio watu waje.

Wengine wote nawavumilia. Anayeokota kitu kilichoachwa pasipo pake akadai bei ya jirani yake. Yule ambaye kitu kikigoma kusomeka kwenye mashine anasema "basi hicho bure!" halafu anacheka mwenyewe, anadhani ndiye aliyeibuni. Anayekuja na ofa iliyokwisha, tarehe ipo, anasema mngebandua. Huyo wa mwisho ana hoja kidogo, lakini leo sina nafasi ya hoja za mtu.

Ila kile kidole gumba! Alivyokuwa anakandamiza bila haraka! Na ndiyo hapo nagundua, mwenyewe alishasema anayoisoma ni ile ndogo. Kwa hiyo nimebandikwa bei ya gramu 100. Hata ndoo nzima sikustahili jamani?

Povu ruksa.

Kaunta ya Dirishani: Pole sana mkuu. Namjua vizuri. Kwetu hakuleta lebo, alikuja na rafu.

BintiRisiti: Uzi wa sabuni, povu lazima.

Mkosa Chenji: Hapo kwenye gramu 100 nimecheka hadi nimeamsha watu. Pole lakini. Swali moja tu dogo, sasa unauzwa bei gani?

KeshiaMchovu (mleta uzi): Nimekuja kupunguza hasira nyie mnaziongeza.

Mteja Halali: Mnajitakia. Lebo iko katikati ya rafu mbili, mshale hakuna. Ni ya kitu cha juu au cha chini? Hadi leo sijui, na nanunua vitu tangu nikiwa mdogo. Nikifika kaunta naambiwa "hiyo siyo yake". Yake iko wapi? Nyuma ya mfanyakazi aliyesimama anachati. Mimi ningekubandika mbili.

KeshiaMchovu: Moderata nisaidieni, mwangalieni huyu kama ana miwani utosini.

Mzee wa Stika: Vijana mnadeka. Sisi kila kitu kilikuwa na stika yake, tunapiga na kibunduki, ka, ka, ka. Bei ikipanda unabandua zote unaanza upya. Balaa lilikuja bei ilipohamia kwenye kompyuta. Tarehe 26 Juni 1974, mji wa Troy, Ohio, Marekani, pakiti ya chingamu ilipitishwa kaunta kwa ile mistari ya bakodi ya UPC, ya kwanza kabisa. Toka siku hiyo bei ina nyumba mbili, moja rafuni, nyingine kwenye mashine. Ya kwenye mashine inabadilishwa kwa kubofya. Ya rafuni inabadilishwa na binadamu aliyechoka, amepiga magoti, saa za kufunga. Zikitofautiana, anayeitwa mwizi ni keshia.

Kaunta ya Dirishani: Mzee hadi tarehe umeishika, ulikuwepo?

Mzee wa Stika: Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Mbeba Boksi: Nyie mnalilia lebo moja. Njooni Marekani muone. Bei ya rafuni huku mara nyingi haina kodi ya mauzo, inaongezwa kaunta. Jimbo lina kiwango chake, na mji nao unaweza kuweka chake juu yake. Mtu amekuja na sarafu kazihesabu kamili kiganjani, zina joto, mashine inasema zaidi, anageuka ananiangalia mimi, eti nimetia cha juu. Kiboko ni mtalii wa Ulaya, kwao kodi imeshamo kwenye bei, huyo mtabishana hadi zamu iishe. Namwambia "bado kodi". Anasema "ipi?" Nasema "ya serikali". Anasema "mwite".

BintiRisiti: Amwite serikali 😂😂

Mkosa Chenji: Si uhamie Oregon tu, haina kodi ya mauzo. Na Montana, na Delaware, na New Hampshire.

Mbeba Boksi: Nauli utanitumia wewe?

Wakili wa Foleni: Naweka kisheria. Mahakama ya Rufani ya Uingereza, 1953, kesi ya duka la dawa la Boots: bidhaa kukaa rafuni na bei yake siyo ofa, yaani siyo pendekezo rasmi la kuuza, ni mwaliko tu. Mteja ndiye anayetoa ofa anapoifikisha kaunta, na duka lina hiari ya kukubali au kukataa. Sasa msikimbie na hilo, kumpotosha mteja kwa bei ya uongo kuna sheria zake za kumlinda mlaji. Lakini kwa ile ndoo, mleta uzi hakuwa amelazimika kuuza.

Mkosa Chenji: Kwa hiyo hata alivyobandikwa kifuani, yule mama alikuwa anaalikwa tu.

Wakili wa Foleni: Ndiyo. Na aliuliza bei kwa utaratibu sahihi.

KeshiaMchovu: Naomba turudi kwenye mada. Kidole gumba.

Mteja Halali: Kausha kidogo mkuu, kuna jambo hapa. Na zile bei zinazoishia na 99 je? Jicho linashika namba ya mwanzo, ya mwisho inapitwa, mnajua kabisa. Halafu ile moja iliyobaki nikiidai mnaniambia "hatuna chenji".

Kaunta ya Dirishani: Unadhani bei tunapanga sisi makeshia? Mimi hata kalamu ya pale kaunta imefungwa kamba.

Dada wa Lipa Kwanza: Mnagombana na wenye lebo, angalau lebo ipo! Wale wa mtandaoni je? Picha kumi, maelezo marefu, hadi harufu wameandika, bei: "njoo inboksi". Nikija inboksi naulizwa habari za nyumbani. Bei bado. Naulizwa niko wapi. Bei bado!

BintiRisiti: Dada umenigusa. Hao ndio wa kubandikwa.

Duka Bila Ukuta: Acheni lawama. Tukiweka bei hadharani washindani wanapita wanashusha kidogo chini yetu. Na asiye mnunuzi akiona bei anakuja kutukana kwenye maoni. Inboksi tunaongea kistaarabu.

Dada wa Lipa Kwanza: Kistaarabu gani? Mnapima kwanza picha ya profaili, ukipendeza bei inapanda. Mimi na mdogo wangu tumeuliza gauni moja, dakika zile zile, tumepewa bei mbili.

Duka Bila Ukuta: Labda saizi tofauti.

Dada wa Lipa Kwanza: Tunavaliana nguo!

Mbeba Boksi: Hapo kodi bado 😂

KeshiaMchovu: Mnakumbuka kuna mtu alibandikwa lebo?

Mteja Halali: Fungua uzi wako mkuu, hapa tuko kwenye gauni.

Mkosa Chenji: Samahanini nje ya mada. Mzee kaongelea kile kibunduki cha stika, nimekikumbuka sana. Kuna mwenye kilichotumika?

Duka Bila Ukuta: Kipo, kizima kabisa, na roli za stika juu.

Mkosa Chenji: Bei?

Duka Bila Ukuta: Njoo inboksi.