Sikio linavuma lakini kipimo kinasema nasikia vizuri: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Sikio langu la kulia linalia nyiiii tangu mwaka jana, na usiku ndiyo balaa. Nimepimwa usikivu, majibu safi, nikaambiwa sina tatizo. Ninalo, maana halinilazi! Nyumbani wanasema kuna mtu ananisengenya. Mnaosikia vizuri na bado masikio yanavuma, kwenu chanzo kilikuwa nini?

Fundi Spika
Mkuu pole. Mimi nafunga muziki wa harusi hapa Mwanza, na majibu yangu yalikuwa safi kama yako. Daktari wa masikio alinieleza jambo ambalo kila DJ anapaswa kulijua. Kipimo kile kinatafuta sauti ndogo kabisa unayoweza kuipata penye kimya, na kwa kawaida kinaishia hezi 8,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), wakati sikio la kijana linafika karibu 20,000. Ukiumia huko juu, karatasi haionyeshi.

Halafu kuna maungio ya seli za sikio na neva. Mwaka 2009 watafiti Kujawa na Liberman, Marekani, waliwapigia panya kelele kubwa kwa saa mbili. Usikivu ulirudi, lakini sehemu iliyoathirika ilikuwa imepoteza karibu nusu ya maungio hayo. Kwa binadamu bado wanabishana. Inadhaniwa ubongo ukipokea taarifa pungufu kutoka sikioni unajiongezea nguvu ya kusikia, na huo ndio mvumo. Mimi chumbani nasikia hata mjusi darini, ila ukumbini mtu akiniongelesha napata nusunusu. Nawe hivyo?

Mama Nasra
Kaka, mimi chanzo kilikuwa taya. Nasaga meno usingizini, baba Nasra ndiye aliyeniambia. Jaribu kubana meno kwa nguvu, kisha geuza shingo. Mlio ukipanda au kushuka, hapo pa kuangalia ni taya na shingo, kwa sababu neva zake zinakutana na njia ya sauti kwenye shina la ubongo. Daktari wa meno alinitengenezea kifaa cha kuvaa usiku. Haujaisha kabisa, ila sasa nalala.

Mzee wa Tanga
Wanangu, na dawa mziangalie. Enzi zetu malaria kali ilikuwa dripu ya kwinini, na masikio yanavuma mpaka dozi iishe. Kwangu yalinyamaza. Aspirini nyingi nayo inavumisha, na sindano za jentamaisini zinaweza kuharibu sikio moja kwa moja. Lakini msiache dawa wenyewe, mwambieni aliyewaandikia.

Zuu
Shikamoo mzee. Mimi haikuwa nyiii, ilikuwa du-du-du, sawasawa na mapigo ya moyo. Nikapimwa damu, iko chini sana. Nilipotumia vidonge vya kuongeza damu ikaondoka. Mlio unaofuata mapigo usikae nao nyumbani jamani, wakati mwingine ni mishipa yenyewe ya damu. Wahi hospitali.

Mwenye uzi
Mzee, shikamoo. Asanteni wote. Mama Nasra, nimebana meno sasa hivi na mlio umepanda kweli! Hicho kifaa ni mpaka hospitali ya rufaa?

Mama Nasra
Anza na daktari wa meno aliye karibu. Mwambie achunguze maungio ya taya, siyo meno tu. Siku ya kwanza wanachukua umbo la meno yako, kifaa unakifuata baadaye.