Panorama ya karibu bustanini, majani yanakatika katikati. Msaada wadau

KijanaWaKatubuka: Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, nyuma ya nyumba kuna bustani ya mama, nyanya, maboga, mchikichi mmoja kwenye kona. Nataka panorama, ile picha pana ya kuunganisha, ya karibu kabisa, mtu akiiangalia aone kama kajipenyeza kwenye majani. Nikipiga ziwa na milima ya Kongo kule ng'ambo inatoka safi ila nikisogelea mimea jani linakatika, shina moja linatokea mara mbili. Simu mbovu hii?

Mzee wa Ujiji: Simu nzima mkuu, hiyo ni paralaksi, yaani lenzi ikisogea kitu cha karibu kinaonekana kuhama kuliko cha mbali. Wengi tunageuka mwili mzima mkono umenyooshwa, kwa hiyo lenzi inasafiri hewani, sasa ziwa liko mbali halitikisiki ila jani lililo sentimita 20 toka kwenye lenzi linahama kabisa ukilinganisha na lililo nyuma yake, programu iunganishe nini hapo? Lenzi ibaki palepale, wewe ndo uizunguke. Na sio katikati ya simu, lenzi iko kwenye kona! Jipime hivi: chomeka kijiti karibu, kilingane na nguzo ya mbali, geuza simu. Kijiti kikiachana na nguzo ujue bado, sogeza simu kwenye stendi mpaka vitulie pamoja.

dada_wa_Isevya: Naongezea toka Tabora. Hiyo panorama ya kuburuza achana nayo kwa vitu vya karibu, piga picha mojamoja zipandiane kama theluthi hivi, halafu unganisha na Hugin, programu ya kuunga picha kwenye kompyuta, ni ya bure. Funga fokasi na mwanga kabla hujaanza. Kuna simu ukisogea sana zinahamia lenzi pana zenyewe bila kukuuliza, hapo picha haziungi ng'o, kazime hicho kitu kwenye setingi. Na upepo jamani, piga asubuhi umetulia.

KijanaWaKatubuka: Asante dada, shikamoo mzee. Nimejaribu leo asubuhi, nyanya zimeunga vizuri ila jani la boga mbele kabisa bado lina kivuli cha pili

dada_wa_Isevya: Hilo litakuwa lilicheza. Kwenye Hugin kuna maski, lizibe kwenye picha moja libaki la picha nyingine, ila hakikisha hiyo iliyobaki imelichukua jani zima